Jinsi ya kuchagua klachi ya trekta dogo la mashindano ya kuvuta

Trekta dogo la bustani liliundwa kukata nyasi na kusukuma theluji. Huko Ohio, Indiana, Illinois na Iowa, mafundi wa mitaani hulivua mashine ya nyasi, hulitia injini iliyoongezwa nguvu na tairi zilizochongwa meno, kisha hulifunga kwenye sledi, yaani chombo cha kukokotwa ardhini chenye mzigo, ili kuona litafika wapi. Uzito wa sledi hiyo haubaki pale pale. Sanduku la vyuma hupanda kuelekea mbele kadiri sledi inavyokokotwa, na kila mita ardhi inaelemewa zaidi. Trekta huondoka kirahisi, hushika kasi, halafu injini inaanza kuelemewa, mizunguko inashuka, na dereva hana la kufanya ila kushikilia usukani. Klachi nyingi hufia hapo.

Kwa hiyo mwongozo huu unaanzia mwisho wa uwanja. Ukichagua klachi kwa kufikiria namna trekta litakavyoondoka, utapata klachi nzuri ya kuondokea. Mshindi anapatikana kwa umbali, na umbali unaamuliwa wakati injini imeshuka mizunguko huku mzigo ukiwa mkubwa kabisa.

Mfano wangu ni Cub Cadet, kwa sababu ndilo trekta linaloonekana sana kwenye mchezo huu na klachi yake inafaa kujifunzia. International Harvester walianza kuliuza mwanzoni mwa miaka ya 1960, na mwaka 1981 biashara hiyo ikanunuliwa na MTD. Matrekta yale ya gia hayatumii mkanda: shafti inatoka kwenye injini moja kwa moja hadi kwenye giaboksi, na klachi kavu imekaa juu ya shafti hiyo, katikati ya fremu. Injini zake maarufu ni Kohler za herufi K: K241 ya nguvu za farasi 10, K301 ya 12, K321 ya 14 na K341 ya 16, zote zikiwa na silinda moja na kupangiwa mizunguko 3,600 kwa dakika. Klachi ya asili ina pleti moja ya msuguano, iliyobanwa na sahani mbili za chuma zinazozungushwa na pini za upande wa injini, na springi moja ya koili ndiyo inayobana kila kitu. Kwa farasi 12 za kukatia nyasi inatosha kabisa. Ukiongeza nguvu ya injini mara mbili au tatu, hapo hesabu inabadilika.

Hatua ya 1: Soma kanuni za klabu yako kwanza

Kila klabu ina madaraja yake, na daraja ndilo linaloamua una ruhusa ya kubadili nini. Kwenye madaraja ya trekta lisilobadilishwa, mara nyingi klachi lazima ibaki ya muundo wa asili. Kwenye madaraja ya yaliyobadilishwa uhuru ni mkubwa, ila masharti ya usalama yanaongezeka. Andika pembeni uzito wa juu wa trekta pamoja na dereva, aina ya klachi inayoruhusiwa, unene wa ngao ya chuma inayotakiwa kuizunguka, na kama flaiwili (gurudumu zito linalozunguka na injini) ya chuma cha kumimina inakubalika. Watu wamenunua klachi ya bei mbaya halafu mkaguzi akawarudisha getini. Dakika chache za kusoma zinaokoa pesa hiyo.

Hatua ya 2: Jua klachi yako itabebeshwa nini

Hii ndiyo hatua wanayoiruka wengi, nami nakusihi usiiruke. Unatafuta namba mbili. Ya kwanza ni nguvu ya kuzungusha, yaani torki, ambayo injini inaweza kuitoa. Ya pili ni torki ambayo tairi zinaweza kuihimili kabla hazijaanza kuzunguka bure.

Torki ya injini kwa Nm (niutoni-mita) ni kilowati mara 9,549, gawanya kwa mizunguko kwa dakika. Tuseme injini yako imepimwa ikatoa farasi 35 kwa mizunguko 4,000. Farasi 35 ni kama kilowati 26, hivyo torki ni 62 Nm. Lakini usiishie hapo, kwa kuwa nguvu ya juu na torki ya juu haziji kwenye mzunguko mmoja. Injini hiyo hiyo ikishuka hadi 3,000 inaweza kutoa 68 Nm. Chukua namba kubwa kabisa kwenye grafu.

Halafu kuna flaiwili. Injini inapoelemewa na kupunguza mizunguko, flaiwili inarudisha nguvu iliyokuwa imeihifadhi, na nguvu hiyo yote inapita kwenye klachi. Flaiwili ambayo ukinzani wake dhidi ya kubadilishwa kasi ya mzunguko ni 0.1 (kilo mara mita za mraba), ikishushwa mizunguko 1,500 ndani ya sekunde moja, inaongeza kama 16 Nm. Jumlisha na zile 68, unapata 84 Nm. Kwenye grafu ya injini namba hii haimo, lakini pleti inaibeba.

Sasa tairi. Trekta na dereva wana kilo 450. Gurudumu za mbele zikinyanyuka kidogo, karibu uzito wote umekaa nyuma. Kwenye udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa vizuri, tairi zilizochongwa zinaweza kushika kwa nguvu inayokaribia uzito uliozikalia, yaani niutoni 4,400 hivi. Tairi ya saizi ya 26×12-12, inayopendwa sana kwenye mchezo huu, ikikalia uzito ina nusu kipenyo cha kama mita 0.32. Zidisha, unapata torki ya 1,400 Nm kwenye ekseli. Ikiwa gia uliyochagua inapunguza mara 20, na asilimia 10 inapotelea kwenye meno ya gia na mafuta, klachi inatakiwa kupitisha 78 Nm ili tairi zifike kikomo.

Linganisha 84 na 78, chukua ndogo. Tairi zitaanza kuzunguka bure kabla injini haijatoa yote iliyonayo, kwa hiyo 78 ndiyo namba yako. Iongezee asilimia 30 kwa ajili ya joto, uchakavu, na mapigo ya injini ya silinda moja, ambayo huwaka mara moja tu katika kila mizunguko miwili na kuigonga pleti kila inapowaka. Tunafika 100 Nm. Hiyo ndiyo klachi tunayoitafuta.

Hapa pana jambo la kutazama kabla hujafungua pochi. Ukibadili gia ili upunguzo uwe mara 30 badala ya 20, tairi zilezile zitafika kikomo klachi ikiwa imebeba 52 Nm tu. Gia ya kasi inaitesa klachi, gia nzito inaipumzisha. Kuna madereva wanaotafuta klachi kubwa zaidi wakati tatizo lao ni gia iliyo juu kuliko injini inavyoweza.

Je, kwa nini usinunue ya 200 Nm umalize maneno? Kwa sababu klachi ndiyo inayoweka kikomo cha mshtuko unaofika kwenye shafti, pini na meno ya giaboksi. Klachi isiyoteleza hata kidogo inaupeleka mshtuko wote nyuma, na wakati wa kuondoka kitakachovunjika ni kitu cha bei zaidi kuliko pleti. Pedali nayo itakuwa nzito kiasi kwamba huwezi kuiachia taratibu.

Hatua ya 3: Pleti ngapi, na za nini

Uwezo wa klachi unatokana na vitu vinne vinavyozidishwa: idadi ya nyuso zinazosuguana, kiwango cha msuguano wa laining'i (tabaka la kusuguana lililo juu ya pleti), nguvu ya kubana, na nusu kipenyo cha wastani cha pleti. Pleti moja ina nyuso mbili.

Tuseme pleti yako ina kipenyo cha nje cha milimita 165 na cha ndani 110. Nusu kipenyo cha wastani ni mita 0.069 hivi. Laining'i ya kawaida ya nyuzi na gundi ina msuguano wa kama 0.3. Kwa pleti moja, kufikia 100 Nm unahitaji springi inayobana kwa niutoni 2,400, sawa na kuweka uzito wa kilo 246 juu ya sahani. Ukiweka pleti mbili, nguvu hiyo inakatika nusu: kilo 123. Ndiyo maana mafundi wa mchezo huu huongeza pleti kabla ya kuongeza springi. Fundi aliyewahi kufungua klachi ya pawatila ya Kichina ameshauona ujanja huo: ndani ya puli mna pleti mbili kavu, kwa hiyo klachi ndogo inabeba injini nzito ya dizeli bila kumchosha mkulima mkono.

Lakini 0.3 ni ya pleti iliyopoa. Laining'i ikipata moto msuguano wake unapungua, na mwisho wa uwanja pleti si baridi. Rudia hesabu kwa 0.25. Pleti mbili sasa zinataka niutoni 1,450, kama kilo 148. Nunua springi ya namba hii ya pili.

Joto lenyewe lastahili kutazamwa. Ukiondoka kwa mizunguko 4,000 na klachi ikateleza sekunde moja huku ikipitisha 60 Nm, joto linalozaliwa ni kama kilojuli 12.5. Sahani ya chuma yenye kilo moja itapanda nyuzi 26 hivi za Selsiasi, si kitu. Klachi hiyo hiyo ikishindwa mwishoni, ikateleza sekunde tatu kwa mizunguko 3,000 huku ikipitisha 70 Nm na trekta likiwa karibu kusimama, joto ni kilojuli 66. Hiyo ni zaidi ya mara tano, na uso wa laining'i huwaka kuliko kiini cha sahani. Ukitaka kuelewa kwa nini pleti hudumu msimu mzima halafu ikaungua siku moja, jibu limo kwenye namba hizo mbili.

Kuhusu malighafi, laining'i ya nyuzi inashika kwa upole na haili sahani. Kwa trekta la mfano wetu nachagua hiyo bila kusita. Pleti za unga wa shaba uliochomwa, au zile za seramiki, zinavumilia moto mkubwa zaidi lakini zinashika kwa ghafla na zinaichimba sahani. Hizo ziachie injini zinazokunywa methanoli na kuzunguka juu sana. Na ukinunua trekta la zamani lenye klachi yake ya asili, usipulize vumbi lake kwa hewa ya kompresa. Laining'i za miaka ile zinaweza kuwa na asbestosi, nyuzi zinazodhuru mapafu; lowesha, futa kwa kitambaa, kitupe kitambaa.

Pleti nyingi zina gharama yake. Kila uso unahitaji nafasi ya kuachia, tuseme milimita 0.3. Pleti mbili zina nyuso nne, kwa hiyo sahani inapaswa kurudi nyuma walau milimita 1.2 ukikanyaga pedali. Kama leva yako ya kuachia haifiki huko, klachi haitaachia vizuri na trekta litajisogeza kwenye mstari wa kuanzia wakati mnyororo bado unafungwa. Pima mwendo huo kabla ya kuagiza pleti ya tatu.

Hatua ya 4: Springi peke yake, au springi na leva zenye uzito

Klachi za mashindano nyingi zina leva ndogo zenye uzito, ambazo hurushwa nje na mzunguko na kuongeza nguvu ya kubana. Zinavutia: pedali ni nyepesi, trekta linaondoka kwa ulaini, na mizunguko ikipanda klachi inafunga barabara. Tatizo ni kwamba nguvu ya leva hufuata mraba wa mizunguko. Mizunguko ikishuka kutoka 4,000 hadi 2,800, yaani ikabaki asilimia 70, nguvu ya leva inabaki asilimia 49 tu.

Chukua klachi ambayo springi zake zinabeba 50 Nm na leva zinabeba 100 kwa mizunguko 4,000. Kwenye mstari una klachi ya 150 Nm na unajiona umejitosheleza. Kwa mizunguko 2,800 umebaki na 99. Kwa 2,400 umebaki na 86. Sisi tulihitaji 100, na tumefika kwenye 86 sehemu ileile ambayo mzigo ni mkubwa kuliko wakati wowote. Klachi inaanza kuteleza, injini inapata nafuu na kupandisha mizunguko, leva zinashika tena, na mwishowe pleti inaungua katikati ya kushika na kuachia.

Kwa injini ya K inayofanya kazi kati ya 2,500 na 4,000, springi zibebe karibu kazi yote na leva ziwe nyongeza ndogo, au zisiwepo. Kwa injini inayozunguka 6,000 na kuendelea, na ambayo dereva wake hairuhusu ishuke, leva zina faida ya kweli.

Ukishakuwa na klachi ya aina hii, irekebishe hivi. Ikiteleza katikati ya uwanja mizunguko ikiwa juu, ongeza uzito kwenye leva. Ikiteleza mwishoni mizunguko ikiwa chini, kaza springi. Anayeongeza uzito kwa kila ugonjwa atabaki anashangaa kwa nini mita za mwisho hazibadiliki.

Klachi za ngoma za gokati (magari madogo ya mbio), zinazojishika zenyewe mizunguko ikipanda, usiziweke kabisa kwenye trekta la uzito huu. Zinaachia pale pale unapozihitaji.

Hatua ya 5: Kinachoishikilia klachi

Klachi ya 100 Nm kwenye shafti iliyolegea ni pesa iliyopotea. Kwenye Cub Cadet ya asili kitovu cha pleti kimefungwa kwenye shafti kwa pini ya koili. Ng'oa pini hiyo uangalie tundu lake. Likiwa limekuwa la yai, usitafute pini nene zaidi. Badili shafti, na kama kanuni zinaruhusu weka yenye meno, kwa kuwa pleti mbili zinataka kuteleza mbele na nyuma kwa uhuru.

Angalia pia bushi inayoshika ncha ya shafti upande wa injini, na pini zinazozungusha sahani: kucha ikikwama kwenye kichimbo ulipopitisha kidole, hapo ndipo sahani inakwama na kukataa kuachia. Matrekta ya Quiet Line yaliyoanza mwaka 1974 yana raba chini ya injini. Raba zikilegea injini inakaa upande, shafti inapindika kidogo kwa kila mzunguko, na beringi ya klachi inakufa mapema. Wavutaji wengi huifunga injini moja kwa moja kwenye fremu.

Hatua ya 6: Ngao

Kwenye trekta hili klachi inazunguka mbele kidogo ya miguu yako. Nguvu iliyomo kwenye chuma kinachozunguka nayo hufuata mraba wa mizunguko: kutoka 3,600 hadi 7,200 imekuwa mara nne. Flaiwili ya chuma cha kumimina haikutengenezwa kwa hilo, na ikipasuka haitoi taarifa. Ukivuka mizunguko ya kiwandani, weka flaiwili na sahani zilizochongwa kutoka chuma au alumini ya kipande kimoja, ikiwezekana zenye kibandiko cha SFI Foundation, wanaoweka viwango vya vifaa vya mashindano Marekani. Ngao ya chuma izunguke klachi yote, ifungwe kwenye fremu kwa bolti ngumu, na isiwe na tundu la kuchungulia linaloelekea kiti. Swichi ya kuzimia injini, ile inayofungwa kamba kwenye sledi, ijaribiwe kwa kuivuta kwa mkono kila siku ya mashindano.

Hili halina mjadala wa bei. Kama pesa inatosha klachi au ngao, nunua ngao na uvute kwenye daraja la chini msimu huu.

Hatua ya 7: Kuifunga, kuizoesha, kuisoma

Safisha sahani kwa kisafisha breki, usishike laining'i kwa mikono yenye grisi. Weka uwazi kati ya leva ya kuachia na beringi yake. Kwa Cub Cadet ya asili ni inchi 0.050, karibu milimita 1.3, na unaupima kwa fila geji (vipande vyembamba vya chuma vya kupimia uwazi). Uwazi ukiisha, beringi inasukuma muda wote na springi haibani kikamilifu. Laining'i ikilika uwazi huo unapungua, kwa hiyo unapimwa tena na tena, si mara moja tu siku ya kufunga.

Pleti mpya izoeshwe. Ondoka kwa mizunguko ya chini bila mzigo mara nyingi, ukiiacha ipoe katikati, mpaka laining'i ing'ae kwa usawa uso wote. Pleti inayogusa upande mmoja haifikii uwezo uliouhesabu.

Baada ya mvuto wa kwanza wa kweli, fungua uangalie. Sahani yenye rangi ya kijivu sawasawa iko salama. Madoa ya buluu hapa na pale ni chuma kilichopata moto sehemu chache: sahani imepinda au springi haibani sawa. Buluu ya mviringo mzima maana yake klachi iliteleza muda mrefu. Laining'i nyeusi inayong'aa imeshaiva, na kuikwangua kwa msasa kunasaidia kwa muda mfupi tu.

Mwombe mtu arekodi video kando ya uwanja, simu ya kawaida inatosha, kisha sikiliza mita za mwisho huku ukitazama tairi. Mlio wa injini ukishuka na tairi zikizunguka bure, klachi inashika. Shughulika na uzito wa mbele na upepo wa tairi. Mlio ukipanda huku tairi zikipunguza mwendo, klachi inateleza. Kaza springi kidogo, pima uwazi, rudia. Ikifika mahali springi imekazwa hadi mwisho na bado mlio unapanda, ongeza pleti au shusha gia. Kwenye boksi la vifaa weka pini za koili za akiba, pleti moja iliyokwisha kuzoeshwa, na ile fila geji.